Programu Kumi na Tisa na Mkate Mmoja

Aliyebuni kidirisha kwenye kifuniko cha mashine ya mkate hana watoto. Angekuwa nao angejua kwamba kidirisha ni mwaliko. Nyumbani kwangu mashine ikishaanza kunguruma hakuna anayefua, hakuna anayedurusu, hakuna anayetumwa dukani akaenda. Wote wamejazana jikoni na tochi za simu, wanachungulia unga unavyogaragazwa, na televisheni niliyoinunua kwa jasho naitazama peke yangu sebuleni. Donge likianza kuumuka kioo kinajaa mvuke, hakuna kinachoonekana tena. Hapo ndipo kitinda mimba wangu hufungua kifuniko ili "aone vizuri." Joto linatoka, donge linanywea, na jioni nyumba nzima inaulizana kwa nini mkate umebonyea katikati. Anayeulizwa kwa ukali ni mimi, niliyekuwa sebuleni.

Mashine yenyewe sikuiomba. Shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, anafanya kazi Muscat, na mtu akishakaa Muscat huanza kuona shida za ndugu zake wa Tabata ambazo wenyewe hatujaziona. Akatuma sauti kwenye grupu la ukoo: siku hizi huko unatia maji, unga na hamira, unabonyeza kitufe, unakwenda kulala, unaamka mkate umeiva. Akamalizia, "Chagueni mnayoipenda, nitampa mtu anayekuja likizo."

Kutuachia tuchague ndiko kulikoharibu mambo. Grupu lile lina watu kuanzia Tanga mpaka Mbeya, na nusu yao hawajapata kunipigia simu hata kunijulia hali. Lakini ilipotajwa kwamba kuna kitu cha kuchaguliwa kitakachokaa jikoni kwangu, walijitokeza wote, hata yule aliyekuwa amejitoa kwa sababu ya michango ya harusi akaomba arudishwe.

Wakaanza na rangi. Mashemeji zangu wa kike walitaka nyekundu, kwa maelezo kwamba itaendana na mapazia ya jikoni. Jikoni kwangu hakuna mapazia. Baada ya rangi wakahamia kwenye idadi ya programu. Shemeji alikuwa ametuma picha za mashine yenye programu 12, nyingine 15, nyingine 19, na ukoo mzima ukaamua kwamba 19 ni zaidi ya 12, kwa hiyo ndiyo bora. Hakuna aliyeuliza hizo 19 zinafanya nini. Mimi nilizisoma, na baadhi ni hizi: mkate wa kawaida, mkate wa Kifaransa, mkate wa ngano isiyokobolewa, mkate mtamu, mkate wa haraka, mkate usio na gluteni, keki, mtindi, na jamu. Ndiyo, jamu. Mjomba wa Muheza alipoona jamu akaandika ujumbe mrefu kwamba sasa machungwa yake yamepata mkombozi. Kwa kadiri ninavyojua, mpaka leo machungwa ya Muheza yanaendelea kuuzwa barabarani.

Mtu pekee aliyeuliza swali la maana ni mama mkwe. Ni mzaliwa wa Pangani, hajui kuandika ujumbe, anatuma sauti, na huanza kwa salamu ndefu mpaka simu inazima mwanga.

"Mwanangu," akasema, "hiyo mashine inatoa mkate wa kumimina?"

Shemeji akaeleza kwa adabu kwamba hapana, ule ni wa mchele uliolowekwa ukasagwa na tui, ni uji mzito wa kumiminwa kwenye sufuria, na mashine hii inataka kitu cha kukanda.

"Na mofa?"

Mofa inataka tanuri la udongo, mama.

"Na ajemi?"

Hapana, mama.

"Sasa inatoa mkate gani?"

"Ule wa dukani, mama."

"Kwani duka limefungwa?"

Kwa maoni yangu kikao kilipaswa kuishia hapo. Lakini mama mkwe ni mama mkwe, wakamjibu kwa vikatuni vya kucheka na wakaendelea na rangi.

Nilipoona hivyo nikaingilia kwa jambo moja tu: volti. Mjomba mwingine, huyu wa Kariakoo, alikuwa ameleta pendekezo lake, mashine iliyotumika kutoka Japani, bei ya kutupa. Nikamweleza kwamba Japani wanatumia volti 100 na sisi tunatumia 230. Akasema umeme ni umeme. Jirani yangu wa nyuma aliwahi kusema hivyohivyo, akachomeka jiko la wali la Kijapani moja kwa moja ukutani; likapika kwa bidii ya ajabu kwa muda mfupi, kisha likatoa moshi, na ule wali wakamalizia kwenye mkaa. Ukitaka kutumia kitu cha Kijapani bila kukiua, ununue transfoma ya kushusha umeme, na transfoma yenyewe ni nzito. Tena vitufe vyote vimeandikwa Kijapani, utakuwa unabonyeza jamu ukidhani ni mkate. Na nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya mkate mdogo wa watu wawili wanaokula kwa heshima. Sisi tuko sita, na heshima yetu mbele ya mkate wa moto naijua. Vitu vya Oman havina shida hiyo: umeme wao ni volti 240, plagi ni ileile ya miguu mitatu bapa kama ya kwetu, ukifika unachomeka. Mjomba wa Kariakoo alikubali, ila mpaka leo kwenye misiba hunisalimia kwa mbali.

Na kwa kuwa tumewataja Wajapani, wacha niseme kwamba wao ndio walioanzisha balaa hili. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya Matsushita ya Osaka, ambayo leo tunaifahamu kwa jina la Panasonic, ilikuwa inahangaika kutengeneza mashine ya mkate ya nyumbani. Kila wakijaribu, gamba linaungua na ndani ni mbichi. Wakafika mahali pa kulipiga donge picha ya eksirei: donge lililokandwa na mashine na donge lililokandwa na mwokaji stadi, wakayalinganisha. Goti langu linanisumbua tangu mvua za masika na halijapigwa eksirei. Donge la Osaka limepigwa. Eksirei nayo haikusaidia. Ndipo mtaalamu wao wa programu za kompyuta, mwanamke aitwaye Ikuko Tanaka, akaenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli ya Osaka International, hoteli iliyosifika kwa mkate mjini humo. Akagundua kwamba yule mwokaji halivuti donge tu, analivuta huku analisokota. Baada ya mwaka mzima wa kujaribu na wahandisi, wakaweka matuta ndani ya sufuria ya mashine ili donge lisokotwe vilevile, na mashine ilipoingia sokoni iliuzwa kwa kasi ambayo haikutarajiwa.

Mwaka mzima! Tanaka angekuja Pangani, mama mkwe angemfundisha asubuhi moja, na mchana angekuwa ameshamsema kwamba kucha zake ni ndefu.

Basi mashine ikafika, nyekundu, programu 19. Ndani ya boksi kulikuwa na sufuria yenye utando usioshika, kile kipande cha chuma kinachozunguka chini na kukanda, ambacho sisi tunakiita kikandio, kikombe cha plastiki, kijiko chenye vichwa viwili, na kijitabu cha lugha nyingi, Kiswahili hakimo. Kijana wangu mkubwa akajiteua kuwa msomaji. Kwa muda wa kama wiki hakuna aliyeruhusiwa kugusa kitu jikoni mpaka yeye asome aya.

Nikiri kwamba kijitabu kina akili kuliko nilivyodhani. Kinataka maji yatangulie, kisha mafuta, chumvi na sukari, halafu unga ufunike vyote, halafu utoboe kishimo juu ya unga uweke hamira humo, isiguse maji wala chumvi mpaka mashine yenyewe ianze. Mama watoto, aliyekanda maandazi maisha yake yote kwa kuloweka hamira kwenye maji ya uvuguvugu na sukari mpaka itoe povu, alitazama utaratibu huo akasema, "Kwa hiyo hamira inakaa juu, inasubiri kuitwa." Akaondoka jikoni. Alionekana kuchukia jinsi hamira ilivyopewa cheo.

Ugomvi wa kweli ulikuwa kwenye vipimo. Kijitabu kinasema vikombe vitatu vya unga. Kikombe cha nani? Kikombe cha mapishi cha Wamarekani ni mililita 240, cha Wajapani ni 200, na kikombe changu cha chai, kile chenye nembo ya timu, kinaingia karibu mara mbili ya hicho cha Kijapani. Kile cha plastiki kilichokuja na mashine kilishachukuliwa na dada wa kazi kuwa kikombe cha kuchotea sabuni ya unga. Na hata ukikipata kikombe sahihi, unga uliochekechwa na unga ulioshindiliwa haviwi na uzito mmoja. Nunueni mizani ndogo ya jikoni, jamani. Mkate wa kawaida ni gramu 500 za unga, maji kama gramu 320, kijiko cha chai kimoja na nusu cha hamira ile ya chenga laini, kijiko na nusu cha chumvi, na sukari na mafuta kwa kadiri ya dhamiri yako. Huo ndio ukweli wote. Kurasa zilizobaki za kijitabu ni picha za mama wa Kizungu anayecheka na mkate.

Unga nao una siri zake. Mkate unataka unga wenye protini nyingi, gramu 12 au zaidi kwa kila gramu 100, ndiyo inayoleta ule mnato unaozuia hewa isitoroke. Pakiti zetu nyingi zinaandika jambo hilo kwa maandishi madogo nyuma, na mbele zinaweka picha ya maandazi. Geuza pakiti usome. Na usinunue ule uliochanganywa tayari na hamira ya keki, maana huo utainuka kabla mashine haijajua la kufanya. Nilipolieleza hili kwenye grupu, mjomba wa Muheza akaleta siasa: kwa nini tunakula ngano ya kuja na meli wakati Hanang na Karatu wanalima? Nikamwambia mimi natafuta mkate tu.

Halafu kuna joto. Kijitabu kimeandikwa na mtu mwenye jiko la nyuzi 20. Jikoni kwangu mwezi wa pili ni 32 usiku, na mchana sitaki hata kupima. Hamira inapenda joto, inafanya kazi mbio. Mashine nayo ina ratiba yake, imeambiwa isubiri saa moja na zaidi, inasubiri. Donge linapanda, linafika kwenye kidirisha, linambusu kitinda mimba wangu kwenye kioo, na wakati kipashio cha joto kinaanza kuwaka limeshachoka, linashuka. Unapata mkate wenye bonde. Shemeji alipoulizwa akajibu kwamba yeye hajaona tatizo hilo, na Muscat ni joto kuliko Dar. Kweli, lakini jikoni kwake kuna kiyoyozi, jambo alilolitaja baada ya kubanwa na dada yake. Dawa ni maji ya friji, baridi kabisa, na kupunguza hamira mpaka kijiko kimoja. Binamu yetu wa Mbeya, anayevaa sweta mwaka mzima, alipata bonde hilohilo kwa sababu nyingine: kule ni zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, donge halina cha kulizuia. Naye akaambiwa apunguze hamira. Ni mara ya kwanza kwa Tabata na Mbeya kukubaliana kwenye grupu lile.

Sifa kubwa ya mashine, kama ilivyotangazwa, ni kwamba unaitega usiku unaamka na mkate. Kuitega ni elimu. Mashine haikuulizi unataka mkate saa ngapi. Inakuuliza baada ya masaa mangapi. Usiku wa kwanza kijana wangu akahesabu kwa saa za simu yake, mimi nikahesabu kwa saa zetu: sasa ni saa tatu usiku, tunataka saa kumi na mbili asubuhi, ni masaa tisa. Yeye akapata masaa tisa pia. Tukabishana mpaka saa nne, na jibu la wote likawa si sahihi tena.

Hilo tulilimaliza. Ambalo hatukuambiwa ni kwamba mkate wa saa kumi na mbili asubuhi unaanza kukandwa saa nane na nusu usiku. Saa hiyo mtaa umelala, hata mbwa. Mota inakurupuka, donge linapigwa ukutani mwa sufuria, mashine inatetemeka na kutembea mezani, inalia kama bajaji inayopanda mlima wa Kimara na abiria wanne. Mpangaji wangu wa uani alitoka na panga. Alipoambiwa ni mkate, alisimama kimya muda mrefu, akauliza, "Saa hizi?" Tangu siku hiyo kodi anailipa kwa dharau. Na usisahau kwamba ukiitega hivyo huruhusiwi kutia maziwa wala mayai, maana yatakaa masaa yote hayo kwenye joto letu na kuchacha. Kwa hiyo mkate wa usiku ni wa maji, na ule mtamu wa maziwa unataka mtu akiwa macho. Mtu aliye macho anaweza kwenda dukani.

Wenye kulalamikia umeme niwaambie ukweli, ingawa hauninufaishi. Mama watoto alishuku kwamba mashine ndiyo inayomaliza LUKU. Sisi tuko kwenye ule mpango wa wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, na mtu wa uniti 75 anaishi kwa kuzihesabu. Nikakaa na kijana tukapiga hesabu. Kipashio cha mashine ni wati 600, lakini kinawaka kama saa moja tu mwishoni, tena kwa kuwaka na kuzima. Muda uliobaki ni mota ndogo, au mashine imetulia inaisubiri hamira. Mkate mmoja unakula theluthi ya uniti, ukizidi sana nusu. Birika la umeme likijazwa na kuchemshwa mara tatu limeshamaliza umeme wa mkate mzima. Matokeo ya hesabu hii sikuyatangaza. Anayetumia birika ni mimi.

Mkate ukishaiva kuna kuutoa. Unatoka umesimama, mrefu, na una tundu chini, mahali kilipokuwa kikandio. Watoto wanagombea kipande chenye tundu ili wajaze Blue Band. Siku nyingine kikandio kinakataa kubaki kwenye sufuria, kinatoka ndani ya mkate. Mjumbe wetu wa nyumba kumi alikuja kwa habari za ulinzi shirikishi, akakaribishwa chai, akauma, likasikika "kah." Tulimwambia kwa heshima zote kwamba hicho ni kipuri. Ukikichomoa kwa kisu cha chuma unachuna utando wa sufuria, na dada wa kazi, aliyefundishwa kwamba sufuria safi ni ile inayong'aa, aliisugua kwa waya mpaka ikang'aa kweli. Sasa mkate hautoki bila kubembelezwa. Sufuria ya badala ipo, inauzwa Muscat.

Na ukishatoka usiukate ukiwa wa moto, kijitabu kinasema usubiri upoe kwenye waya, vinginevyo unakuwa mabumunda. Kijitabu hakijakutana na familia yangu. Unakatwa wa moto, kwa kisu cha nyama, kila mtu anapata pande lenye umbo lake. Baada ya dakika chache hakuna mkate. Harufu imeshavuka ukuta, jirani naye amekuja "kuazima chumvi." Halafu inafika usiku, mtu anauliza, kesho asubuhi watoto wanakula nini? Anatumwa mmoja dukani kwa Mangi akalete mkate wa silesi. Siku tunayooka mkate ndiyo siku tunayonunua mkate.

Wa Mangi haunukii, nakubali. Lakini umekatwa sawasawa, hauna tundu, na unakaa siku kadhaa ndani ya mfuko wake kwa sababu mikate mingi ya viwandani imetiwa propionati, dawa ya kuzuia ukungu. Wetu hauna dawa. Kwa unyevu wa Dar, ulioachwa juzi leo una ndevu za kijani. Wenye kujali afya wanasema hiyo ndiyo sifa yake. Sawa, tuweke kwenye orodha ya sifa.

Sasa nifike kwenye siku ambayo mashine ilijitetea. Mama mkwe alikuwa amekuja kutusalimia, na shemeji kutoka Muscat alikuwa amesisitiza mama apikiwe mkate wa mashine na picha zitumwe. Tukatia unga, mashine ikakanda, donge likaumuka vizuri, watoto kwenye kidirisha. Umeme ukakatika. Mashine yetu ina kumbukumbu ya dakika kumi: umeme ukirudi ndani ya muda huo inaendelea ilipoishia. Kijana akashika saa. Dakika kumi zikapita, ikapita nusu saa, na mashine ikasahau kila kitu ilichokuwa inafanya.

Mama watoto hakusema neno. Akalitoa donge, akachomoa kikandio kwa vidole, akalitandaza kwenye sufuria aliyoipaka mafuta, akaliwekea iliki na ufuta juu. Akawasha jiko la mkaa, makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko, akapalia. Mama mkwe akavuta kigoda akakaa kuusimamia moto, anapunguza hapa, anaongeza pale, anagonga kifuniko kwa koleo asikilize. Ulipofunuliwa ulikuwa wa duara, wa kahawia kote, laini ndani kuliko mkate wowote uliopata kutoka katika ile nyekundu. Mama mkwe akaonja, akanyamaza, akaonja tena, akasema, "Sasa huu ndio mkate." Tukapiga picha, tukatuma. Shemeji akajibu papo hapo: "Niliwaambia mashine hiyo ni kiboko!"

Hakuna aliyemsahihisha, kwa sababu kwa upande mmoja alikuwa na haki. Kilichofanya donge lile liwe laini ni kule kukandwa kwa nusu saa bila kuchoka na bila kunung'unika. Mama watoto ana maumivu ya kifundo cha mkono, na kwa miaka yote tangu nimwoe, unga wa maandazi amekanda yeye. Niliwahi kulitaja hilo mbele yake kama hoja ya kuitetea mashine. Akaitazama mikono yangu kwa muda, kisha akasema, "Mashine ametuma mdogo wangu. Wewe hii miwili uliletewa na nani?"

Tangu hapo tunatumia programu moja tu, ile ya donge peke yake. Unatia vitu, inakanda, inaumua, inazima kwa saa moja na nusu hivi, na hapo inakuachia mwenyewe: maandazi ya tui na iliki, skonzi, au mkate wa kupalia. Ipo nyingine ya kukanda bila kuumua, ya robo saa, ambayo inafaa kwa chapati. Haichelewi usiku, haimwamshi mpangaji, na umeme ukikatika unalo jiko la mkaa au la gesi.

Kwa hiyo ukiletewa picha uchague, usihangaike na rangi. Hakikisha ni volti 220 hadi 240, hakikisha inabeba angalau gramu 500 za unga kama mko zaidi ya watatu, hakikisha unaweza kupata sufuria na kikandio cha akiba, na uangalie kama ina programu ya donge peke yake. Ikiwa nayo, ichukue. Zile nyingine, ukiacha ya chapati, ni mapambo, pamoja na ya jamu.